Zizi la Mawe Majabalini

Wajukuu wangu watatu walikuja nyumbani baada ya mavuno, majira yale ambayo upepo wa baridi hukausha midomo na kutia vumbi hata kwenye mboga iliyofunikwa. Hawakuja kupumzika. Baba yao, mwanangu wa pekee, tulimzika wakati wa mvua, na Jumapili hiyo, baada ya ibada, ukoo ulikuwa ukutane kuamua nani achukue ng'ombe wake. Miguu yangu haiwezi tena kufuata mifugo. Mdogo wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alikwisha kusema wazi kwamba kama hakuna mtoto atakayesimama kulishika zizi, ng'ombe watagawanywa kwa ndugu na wengine watapelekwa mnadani.

Mimi nilitaka zizi libaki. Kila asubuhi tangu mazishi nilikuwa nikiliombea, na nikishukuru kabla ya kujibiwa, kama nilivyofundishwa nikiwa kijana katika chuo cha wainjilisti. Kila mtu alimtazama mjukuu wangu mkubwa, anayefanya kazi katika ofisi ya serikali pale Dodoma. Dada yake anauza uwele na karanga katika soko la Majengo. Mdogo wao bado yuko chuoni.

Jumamosi asubuhi hapakuwa na aliyeweza kutulia. Mkubwa alikaa kwenye kigoda, akainuka, akaenda mpaka zizini, akarudi, akakaa tena. Simu yake iliita, akaitazama bila kuipokea. Dada yake alifagia uwanja, kisha akaanza kuufagia upya kule alikoanzia. Mimi mwenyewe nilifungua miwani na kuifunga bila kusoma kitu.

"Twendeni majabalini," mdogo wao akasema.

Waliacha simu zao mezani wakaondoka wote watatu, karibu mbio. Zile simu zikabaki zikitetemeka juu ya meza kama mende waliolala chali.

Jua lilipoanza kuelekea magharibi, mdogo wangu alifika, siku moja kabla ya kikao, akitaka kuongea na mkubwa. Mke wangu akanijia nyuma ya nyumba.

"Nenda kawaite wajukuu zako," akasema. "Watu wana ndevu, na bado wanachunga mawe."

Nilijua alichomaanisha. Walipokuwa wadogo walijenga zizi lao kati ya majabali yaliyo juu ya mashamba yetu, ukuta wa kokoto, lango la tawi la mwiba, na ndani yake ng'ombe wa mawe: weusi, wekundu, wenye baka. Nilipanda polepole, nikipumzika, nikisikia sauti zao kabla sijawaona. Niliomba nipewe maneno ya kumwambia mkubwa. Sikupewa.

Mkubwa alikuwa amekunja suruali yake ya ofisini mpaka magotini, kanga ya dada yake begani, fimbo mkononi. Mdogo alikuwa chini ya jabali akilia kama fisi, na alilia vizuri. Nikasogea.

"Babu!" dada mtu akapiga kelele. "Unapita katikati ya ng'ombe!"

Nilirudi nyuma upesi. "Samahani," nikawaambia wale ng'ombe, nikazunguka kwa nje kama inavyompasa mgeni. Wajukuu walicheka mpaka mdogo akasahau kulia. Sikuwaambia nimetumwa. Nilikaa juu ya jiwe ambalo si ng'ombe.

Kwetu mwenye mifugo hawezi kuweka ng'ombe wote mahali pamoja, ugonjwa ukija usije ukawamaliza. Baadhi yao huwaacha kwa ndugu au rafiki. Mtunzaji anakunywa maziwa, lakini ndama ni wa mwenyewe, na ng'ombe akifa, mtunzaji huonyesha ngozi ili ijulikane kuwa hakumla kwa siri wala hakumuuza. Huo ndio mchezo waliokuwa wakicheza. Mkubwa alikuwa ametoka safari, yaani kwenye jiwe bapa la mbali waliloliita mjini.

"Hodi hapa! Nimekuja kuona ng'ombe wangu."

"Karibu, mgeni. Mbona umekonda? Huko mjini hakuna maziwa?"

"Yapo, ya paketi. Yule mwekundu mwenye baka yuko wapi?"

"Amekufa."

"Ngozi?"

Dada akampa jani kavu. Mkubwa akaligeuza huku na huku, akalinusa.

"Hii ni ya mbuzi. Mwekundu wangu alikuwa mkubwa."

"Alikonda kwa kukungoja."

"Mimi ni shahidi!" mdogo akasema kutoka chini ya jabali. "Nilipofika nilikuta mifupa tu."

"Nani anasikiliza ushahidi wa fisi? Nyamaza wewe."

Walicheka tena. Kisha mkubwa akamnyooshea dada yake fimbo. "Basi, nakuachia tena. Narudi mjini. Maziwa yako, ndama wangu."

Dada hakuipokea.

"Shika, bwana."

"Sishiki."

"Ni mchezo, dada."

"Sishiki hata kwa mchezo. Tangu utoto wewe unakwenda mjini, mimi nabaki. Ukirudi unadai ngozi. Baba alipougua, nani alifunga biashara akaja kuwatafutia ng'ombe wake majani? Kesho watakuuliza wewe, na wewe utasema ndiyo, kwa kuwa unamwogopa babu. Halafu Jumatatu utaniachia mimi. Niambie si kweli."

Upepo ulivuma kati ya mawe. Mdogo akatoka chini ya jabali akijipangusa magoti. Mkubwa aliishusha fimbo.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa nataka kukuomba leo. Ndiyo maana nilikubali kuja huku. Nyumbani nilishindwa kuanza."

Katika maombi yangu yote nilikuwa nikitaja jina moja tu, la mkubwa. Nikamgeukia dada yake. "Mjukuu wangu, wewe unataka nini?"

Alipiga magoti akaanza kuwapanga wale ng'ombe, akawapangua. "Nataka wawe wangu, babu. Si wa kutunza. Wakizaa, ndama wangu. Nikiuza dume, nisiitwe kikaoni kama mwizi."

"Na Majengo?"

"Sijui. Jana usiku nilitaka kutoroka na basi la asubuhi. Leo nimeshika mawe haya, nikawataka ng'ombe. Kesho sijui nitaamkaje. Usiniulize zaidi."

Sikumuuliza zaidi. Tulishuka, wao mbele, wakinisubiri kwenye materemko. Mdogo wangu alikuwa amesimama uwanjani, mikono nyuma.

"Vumbi lote hilo! Mmetoka wapi?"

"Machungani, babu mdogo," kijana wa chuo akajibu. Mke wangu akaingia ndani haraka ili asicheke mbele ya shemeji yake.

Kesho yake, kikaoni, mdogo wangu alimwuliza mkubwa, kama tulivyotarajia. Mkubwa alisimama.

"Aulizwe dada," akasema, akakaa.

Wanaume walinung'unika. Mmoja akasema binti ataolewa, na ng'ombe wa ukoo watakwenda kwa watu.

"Nikiolewa, huyo mume atawakuta hapa hapa zizini," dada akajibu. "Akitaka maziwa, aje na kibuyu chake."

Wanawake walicheka, mke wangu kuliko wote. Mdogo wangu akanitazama. Ni mtu mzuri, ila hapendi kushtukizwa.

"Kaka, unasemaje?"

"Ni wake," nikasema. "Si wa kutunza. Ni wake."

Alichora chini kwa fimbo. "Basi, tutamtazama mpaka mavuno yajayo."

"Tazameni, babu mdogo," binti akasema. "Lakini ngozi sileti."

Nilishukuru moyoni, ingawa nilichojibiwa sicho nilichokiomba.

Jumatatu alfajiri gari la kuwarudisha vijana mjini lilikuwa likipiga honi barabarani. Dada yao alikuwa zizini tayari, akienda langoni na kurudi, akigombana na ndama aliyekataa kutoka, macho mekundu kama ya mtu ambaye hakulala. Mkubwa alikwenda kumuaga, suruali imenyooshwa, viatu vinang'aa.

Kisha dada akafungua fundo la kanga yake, akatoa jiwe jekundu lenye baka.

"Hakufa," akasema. "Nilimficha." Akalitia katika mkono wa kaka yake na kuufunga kwa vidole vyake. "Nakuachia. Maziwa yako, ndama wangu. Akifa, lete ngozi."

Mkubwa hakucheka. Alilitia mfukoni, mfuko ukaning'inia upande mmoja, akaenda hivyo mpaka barabarani. Kila anapopiga simu sasa, dada yake, akiwa bado hajatulia, akiwa pengine anamfukuza ndama huku simu iko begani, humwuliza kwanza kama mwekundu amekula.