Mama Alipocheza Mstari wa Mbele

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa mjini Kitale, na kijana aliyesimama mbele yangu akafungua kopo la dawa ya kuchua ili ainuse kabla hajainunua. Harufu ile kali, ya mnanaa na mafuta, ikanifikia. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wangu, lakini papo hapo nilikuwa tena msichana wa darasa la tatu, nimesimama mlangoni kwetu mtaa wa Matisi, nikiangalia kama shingo ya mama yangu bado iko mahali pake.

Niwaeleze. Mwaka ule ndio ligi ya taifa ya raga ya wanawake ilianza. Awali akina dada walicheza mashindano ya hapa na pale. Sasa kukawa na ratiba, marefa, na safari za miji ya mbali karibu kila Jumamosi. Kitale tukaingiza timu, na timu ikakosa wanawake wazito. Kocha, mwalimu wa shule moja ya hapa, alimwona Mama kwenye stoo ya mahindi alikofanya kazi, akiinua gunia na kulitua begani kama mtu anayejitanda leso.

"Mama Naliaka," akamwuliza, "raga unaijua?"

Mama alisema haijui. Jumamosi iliyofuata alikuwa uwanjani.

Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa mama, aliyeishi Kimilili, aliposikia alipiga simu akapaza sauti hata nami nikasikia kutoka jikoni. "Ati laga? Mume wako kaburi lake hata nyasi halijashika, na wewe unaenda kugongana na watu? Mjane hukaa, hakimbii!"

Maana Baba alikuwa amefariki mwaka huo huo. Alikuwa dereva wa lori. Alitoka Jumamosi asubuhi, begi mkononi, akaniambia, "Nakuja," na ajali ikamkuta barabarani. Sasa Mama naye akawa anatoka Jumamosi asubuhi na begi mkononi, na neno lake la kuaga lilikuwa hilo hilo.

Pengine ningevumilia kama si Wafula, aliyeketi nyuma yangu darasani. Yeye alikuwa na kaka aliyecheza raga, kwa hiyo alikuwa mtaalamu. Alinieleza kwamba katika skramu wachezaji wanane wa kila upande hushikana mabega, wakainama, wakasukumana vichwa kwa vichwa, na walio mstari wa mbele ndio hubeba uzito wote. "Ikianguka," akasema, "shingo inavunjika tap! kama muwa." Mama alikuwa mstari wa mbele.

Tangu siku hiyo sikula vizuri Jumamosi. Timu ikisafiri, nilikaa kwa jirani yetu, uji ukipoa mbele yangu, nikisikiliza kila pikipiki iliyopinda kuingia mtaani. Mama angerudi sikio limevimba, magoti yamechubuka, akinuka ile dawa, na swali langu la kwanza halikuwa nani ameshinda. Hilo halikuhitaji kuulizwa. Tulifungwa nyumbani na ugenini, kwa mvua na kwa jua. Lakini Mama aliingia akitabasamu, akala kama mkulima, akalala fofofo, nami nikabaki nikisikiliza pumzi zake.

Mechi ya mwisho ya msimu ilichezwa Bungoma, na safari hiyo Mama alinichukua. Kukhu aliteremka kutoka Kimilili na viatu vya kanisani na mwavuli. Akanikalisha kando yake na kuninong'oneza, "Leo ikiisha namshika mkono mbele ya watu. Tunaenda naye nyumbani. Laga basi." Nilifurahi. Nilitaka Kukhu ashinde kuliko nilivyotaka Kitale ishinde.

Mvua ilikuwa imenyesha na nyasi zilikuwa utelezi mtupu. Kipindi cha pili, karibu na mstari wetu wa goli, skramu ikainama, ikasukumana, ikaporomoka. Refa akapuliza filimbi. Wanawake wakainuka mmoja mmoja, wakijifuta matope. Mama hakuinuka.

Nilikimbia. Kukhu alinipita, viatu mkononi, mwavuli ameutupa, yule aliyesema mjane hakimbii.

Mama alikuwa amelala ubavu, macho wazi. "Shingo?" nikauliza.

"Ni bega, Naliaka. Bega tu. Usilie."

Hospitalini walikuta mfupa wa bega umevunjika. Muuguzi aliikata jezi kwa makasi ili amvue. Jioni timu nzima ikaja na matope yake. "Si mnachafua wodi, bana!" muuguzi akalalamika, lakini walikuwa wameshaingia. Nahodha wao, Chemutai, msusi wa nywele, akapitisha mkono chini ya bega zima la Mama, wengine wakashikana kukizunguka kitanda kama walivyozoea kushikana uwanjani. Mama akaanza kulia. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Nikageuka nimkimbilie muuguzi alete dawa ya maumivu. Kukhu akanishika gauni.

"Mwache," akasema. "Amechelewa kulia."

Nilidhani anasema habari za bega, maana lilivunjika mchana na Mama analia jioni.

Nilikuwa nimeshazaa ndipo nikamwuliza Mama kuhusu jioni ile. Aliendelea kuchambua maharagwe. "Kwa mazishi ya baba yako watu walinipa mkono, wakaniambia jikaze, una mtoto," akasema. "Nikajikaza. Sikulia hata tone. Sasa kwa skramu, huyu amekushika hapa, huyu amekushika nyuma, hata ukianguka mnaanguka wote. Mimi nilikuwa natafuta tu pa kushikwa." Na mimi, msimu mzima, nilidhani anatafuta pa kufia.

Kimilili tulienda kweli, kwa sababu mkono wake ulikuwa umefungwa na hakuweza hata kusonga ugali. Asubuhi moja nikamkuta Kukhu amekaa mlangoni penye mwanga, miwani puani, akiiunga ile jezi iliyokatwa, kwa mshono wa karibu karibu, akiuvuta uzi kila mara kupima kama utahimili. Msimu wa pili Mama aliivaa. Lakini asubuhi ile sikujua, na nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, nikidhani anaishona ili tuirudishe kwa wenyewe ikiwa nzima.