Kiputo Kimekosea

Mkuu wa maabara yetu hapa jijini Sofia huingia bila kubisha hodi, mtindi wa asubuhi ungali masharubuni. Hunong'ona makusudi ili watu wamwinamie, na glavu huziita mambo ya wanafunzi. Jumanne alisimama kwenye mashine ya mwanafunzi wake Radostina, ambaye kwa miezi saba amekuwa akitoa kiputo cha hewa kwenye ncha ya sindano ndani ya maji ya sabuni, akikifanya kivimbe na kunywea ili apime jinsi sabuni inavyoulegeza uso wa maji. Namba zake zilikuwa zimeikataa kanuni yenye jina la mkuu.

"Kiputo chako kimekosea, binti."

"Nimerudia mara arobaini, Profesa."

"Basi kimekosea mara arobaini."

Tulicheka kwa woga, hata mimi fundi wa vioo. Radostina hakucheka, shahada yake ilitegemea namba hizo. Akapima tena mbele yake, namba ikatoka ileile. Mtu mzima yule akaigonga sindano kwa ukucha, kiputo kikang'oka, kikapanda, kikapasuka.

"Haya, kiko wapi sasa?" akauliza, akitabasamu kama aliyeshinda kesi.

Radostina akabonyeza pampu, akatoa kingine.