Sahani Niliyowamwagia Bata

Ipo alasiri moja, mwanangu, ambayo kila niikumbukapo nainamisha uso, hata nikiwa peke yangu chumbani. Walioishuhudia karibu wote wameshatangulia mbele ya haki. Nimebaki nayo mimi, na sasa nakukabidhi wewe, kwa sababu naona unaanza kutembea katika njia niliyopita.

Nakusudia wewe unayesoma huku ukilala nyumbani, hapa Nachingwea au kule Ruangwa. Unayetoka alfajiri bila kutia kitu tumboni na kurudi usiku ukiwa umeshiba chipsi na soda za stendi, huku chakula cha nyumbani kikikungoja mezani mpaka kinakauka. Najua una shughuli nyingi. Silidharau jambo hilo. Nami nilikuwa nazo.

Nilikuwa kidato cha tatu, nikikaa mjini Nachingwea kwa mjomba wangu Athumani, kwa kuwa kwetu Nambilanje hapakuwa na sekondari. Unajua desturi yetu: mpwa ni wa mjomba wake. Mtoto wa dada akilala njaa nyumbani kwa mjomba, wanaoulizwa si wawili watatu, ni ukoo mzima. Mjomba alikuwa seremala, na mara nyingi alikuwa Ruangwa akiezeka nyumba za watu, akirudi Ijumaa kwa Ijumaa. Aliyenitunza siku hadi siku ni mkewe, Somoe, mzaliwa wa Mkotokuyana, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia.

Somoe alipika kile ambacho shamba lilitoa: ugali wa muhogo au wa mtama, mbaazi, kunde, kisamvu kilichotiwa ufuta uliotwangwa, na msimu ukifika, maembe na mapapai. Mimi nilibaki shuleni kujisomea hadi jua linapoinama, wenzangu nyumbani wakiwa wameshakula, kwa hiyo aliniwekea sahani yangu chini ya kawa, karibu na mafiga, ili isipoe upesi.

Chakula kile sikukila. Mwenzangu mmoja darasani, Hamisi, alikuwa amenieleza kwamba mbaazi humtia mtu uzito wa kichwa na ugali wa muhogo hulaza akili. Kwamba wanaofaulu hula vitu vyepesi. Sikumuuliza ameyapata wapi. Ningemuuliza, angeniambia ameyasikia kwa kaka yake, na kaka yake kwa dereva wa lori. Mimi niliyekuwa hodari wa kumwomba mwalimu wa hisabati anionyeshe uthibitisho, juu ya tumbo langu mwenyewe sikudai uthibitisho wowote.

Basi mchana nilikula maandazi kwa chai ya rangi yenye sukari nyingi, kwa mama aliyeuza nje ya uzio wa shule. Jioni nilichukua sahani yangu kutoka chini ya kawa, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikawamwagia bata wa jirani. Kisha niliirudisha sahani jikoni tupu, nikasema, “Ahsante, mama,” na Somoe akajibu, “Haya, baba.” Bata wale walinizoea. Baada ya muda hawakungoja kuitwa. Walipoona suruali yangu ya shule walikuja wakiyumbayumba, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaowahi karamu.

Mwili hauchukui muda mrefu kudai haki yake. Nilianza kupata kizunguzungu nikisimama, fizi zikatoka damu nipigapo mswaki, na mashati yakanipwaya. Niliyoyasoma jioni sikuyakuta kichwani asubuhi, nami nikaongeza kusoma na kupunguza kula. Hatimaye nilianguka kwenye gwaride la asubuhi, mbele ya shule nzima.

Mwalimu wa zamu aliniketisha kivulini, akaniuliza, “Bakari, nyumbani unakula?”

“Nakula kidogo, mwalimu.”

Angalia jibu hilo. Kila neno lilikuwa kweli, maana kidogo nilikula, ingawa si nyumbani. Lakini lilitoka kivulini pale likafika bombani, na wanawake waliolichota pamoja na maji wakalipeleka kila mmoja kwake, likizidi uzito njiani. Ilisemwa kwamba mke wa seremala anafunga jiko kwa kufuli. Ilisemwa kwamba wanawe wanakula kwanza na mtoto wa wifi hupewa makombo. Habari ilipofika Nambilanje, mama yangu alifunga mzigo siku ile ile.

Kikao kilikaliwa uani, baada ya swala ya alasiri. Mjomba alikuwa ameitwa kutoka Ruangwa, na vumbi la mbao lilikuwa bado kwenye nywele zake. Walikuwapo mama yangu, ndugu zake kadhaa, na babu mmoja, mdogo wake marehemu bibi yangu, ambaye neno lake ndilo lililohitimisha mambo katika ukoo wetu. Somoe aliketi peke yake kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko. Wote waliokuwa pale walikuwa damu moja isipokuwa yeye.

Mama yangu alianza. “Wifi, mwanangu nilikukabidhi ana mashavu. Mashavu yake yako wapi?”

“Mwenye mashavu yupo hapo, wifi. Muulize.”

“Nakuuliza wewe uliyeshika mwiko!”

“Mwiko nimeushika kila siku,” Somoe akasema. “Ana mdomo. Muulizeni.”

Babu akanigeukia. Sauti yake haikuwa kali, na ndiyo sababu sina udhuru. “Bakari, mjukuu wangu, usiogope mtu. Mkazamjomba wako anakuwekea chakula au hakuwekei?”

Mwanangu, palikuwa na neno moja tu la kusema. Lakini nikisema anaweka, nitaulizwa chakula huenda wapi; na mama yangu, aliyetoka Nambilanje kwa ajili yangu akiwa na hasira za haki, atajua amemtukana mtu bure. Nikatafuta maneno yatakayoniokoa bila kunifanya mwongo, na kwa bahati mbaya nikayapata.

“Huwa nakikuta kimepoa,” nikasema.

Watu wakaguna. Mama akapiga makofi mara moja, kama mtu aliyeona mwizi akitolewa mfukoni kitu cha wizi. Na hapo hapo, kwa kuwa jua lilikuwa limeshainama na saa yao imefika, bata wakapenya chini ya uzio. Walimpita babu. Walimpita mama, aliyekuwa na mkungu wa ndizi miguuni. Wakaja moja kwa moja kwangu, wakanizunguka, wakainua shingo na kuitazama mikono yangu.

“Shii! Tokeni!” Nikawapiga teke. Wakarudi.

“Bata wa nani hawa wasio na adabu?” babu akauliza, na mtu mmoja akacheka.

Somoe aliwatazama bata. Kisha akanitazama mimi, kwa muda, bila kupepesa. Nikajua kwamba amejua. Nikangoja aseme. Hakusema. Alikuwa akinipa nafasi, nami nikaitumia kuangalia vidole vya miguu yangu.

Ikaamuliwa aende kwao Mkotokuyana “akapumzike”, mpaka ukoo utakapokaa tena. Wewe ni mtu mzima, unajua mwanamke akipumzishwa namna ile talaka huwa haiko mbali. Alifunga kanga zake mbili tatu, akambeba mtoto wake mdogo mgongoni, akaondoka kabla ya magharibi. Mjomba alibaki amesimama uani kama nguzo iliyosahauliwa na fundi.

Mama yangu aliingia jikoni kwa kishindo ili anilishe mwenyewe. Akafunua chungu. Ndani mlikuwa na mbaazi, zimeiva, zimeungwa kwa ufuta. Somoe alikuwa amezipika asubuhi, akijua atashitakiwa alasiri. Mama akasonga ugali, akanipakulia mbaazi zile zile, akaniwekea mbele. “Kula, mwanangu,” akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua. “Leo hukunyimwa.”

Nilitia tonge kinywani. Nikalia, mvulana mkubwa wa kidato cha tatu, tonge likiwa bado shavuni, na baina ya kulia na kukohoa nikayasema yote: Hamisi, maandazi, bata.

Mama alijifunika uso kwa upindo wa kanga, hakuutoa. Aliyesema ni mjomba, naye hakupandisha sauti.

“Mpwa wangu, kwa kuacha kula nisingekulaumu sana. Kijana akishikwa na masomo husahau hata jina lake. Ningekukaripia, tukaishia hapo. Lakini umesema neno la kweli ili watu waamini uongo. Mwongo wa kawaida nikimshika, namwonyesha uongo wake. Wewe nikushike wapi?”

Kisha akaniagiza nipite kila nyumba ambamo habari ile ilikuwa imeingia, niseme kwa kinywa changu, na baadaye niende Mkotokuyana. Nilipita. Wengine walinicheka. Mama mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akaniambia, “Wamekufundisha useme hivyo, eh? Maskini.” Hapo ndipo nilipojifunza kwamba uvumi ukishapata makao, ukweli huonekana mgeni mwenye hila.

Nilimkuta Somoe uani kwa mama yake akimenya karanga. Hakuniambia nikae. Nikasema niliyokuja kuyasema.

“Nilikuona ulivyowapiga teke bata wa watu,” akasema.

“Kwa nini hukusema pale, mama?”

“Niseme nini? Niwaite bata watoe ushahidi?” Akatupa ganda. “Wale wote ni wenu. Pale palikuwa na mtu mmoja tu ambaye neno lake lingenifaa, naye alikuwa anahesabu vidole vyake.” Akamenya nyingine. “Bata walisema, Bakari. Wewe hukusema.”

Alirudi, kwa sababu alimpenda mjomba wangu. Lakini tangu siku aliyorudi hakuniwekea tena sahani chini ya kawa. “Chungu kile pale, moto ule pale,” aliniambia, “na mikono unayo.” Sikuona kama ananiadhibu, niliona ananihesabu kuwa mtu. Ndipo nilipojifunza kupika: kuchemsha mbaazi au kunde Jumamosi, nyingi, na kuzichemsha upya kila jioni zisichache, kuondoka asubuhi baada ya uji uliotiwa karanga za kutwanga, kufunga viazi vitamu vya kuchemsha na embe kwa ajili ya mchana. Fizi zilipona. Mashavu yalirudi kabla ya mavuno ya korosho. Hata hisabati zilirudi, na mbaazi hazikunitia uzito wowote wa kichwa.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo. Miaka michache iliyopita tulimzika Somoe. Tukiwa bado matangani, nyuma yangu bibi mmoja mkongwe alimwambia mwenzake, “Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, ila kuna mtoto wa wifi yake alimshindisha njaa.” Niligeuka, mzee mwenye mvi, nikamwambia mtoto huyo ni mimi, na kwamba si kweli. Akanitazama kwa upole. “Ndivyo tulivyosikia, baba,” akasema. Somoe amefukiwa ardhini pamoja na neno langu.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kula nyumbani. Ukikosa muda wa kupika kila siku, tenga siku moja, pika kinachodumu, na usione haya kukibeba. Usitoke na tumbo tupu ukidhani unaokoa muda. Muda huo utaulipa ukiwa umelala juu ya daftari. Chipsi na soda ziwe za sikukuu. Mtu akikuambia, au simu yako ikikuambia, kwamba chakula fulani hulaza akili na kingine huiamsha, muulize amejuaje. Asipokuwa na jibu, mwendee mhudumu wa zahanati aliyesomea jambo hilo. Na ukirudi umechelewa, usitake kula, sema, “Leo sitakula, mama, nimeshiba.” Ni maneno machache, hayamuui mtu. Sahani inayokungoja chini ya kawa ina jina la mtu aliyeiweka, na ukiimwaga kwa siri umeliweka jina hilo mikononi mwa majirani.

Mwenyezi Mungu akupe hamu ya chakula cha kwenu, akupe nguvu ya kusoma, akuwekee mpishi wako hai mpaka nawe umpikie. Na siku utakapoulizwa mbele ya watu, akufungue kinywa kabla bata hawajafika.