Pete Tupu ya Harpaesi

Wafalme wa Kiyunani kule Iskandaria walikuwa hawatulii, na taabu yao ilimwangukia nani? Harpaesi, mchonga mawe wa hekalu la Edfu! Leo kaka mtu yuko kitini, kesho mdogo wake kamfurusha. Na ukutani kila mfalme ana pete yake, duara refu linalozunguka jina. Ujanani Harpaesi aliwahi kuchonga jina mbio mbio. Mwenye jina akatoroka, Harpaesi akashinda msimu mzima wa mafuriko akilikwangua. Tangu hapo akafanya kama mafundi wenzake: anachonga pete, ndani anaacha tupu, anasubiri mfalme atulie kitini.

Kwa pete ya mwisho alisubiri miaka kumi na miwili. Ukuta mzima ulikwisha, miungu na sadaka zao, ikabaki hiyo moja. Na macho nayo yalikuwa yanaingia giza.

"Mkate uko mbele yako unaupapasa," mkewe Tatehuti alimwambia. "Waachie vijana, mume wangu."

"Ukuta huu aliuanza baba. Nitaumaliza mimi, hata kwa kupapasa."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa."

Jina likaja kutoka Iskandaria wakati wa kupanda shayiri. Harpaesi alifurahi hata akasahau kula. Akapanda jukwaani, vidole vya kushoto vikitangulia, tindo ikifuata. Siku ya tisa akashuka, akamwuliza mkewe aliyekuwa akimngoja chini.

"Limekaa?"

"Limekaa, baba," Tatehuti akasema huku analia. "Mimi nisiyejua kusoma naona limekaa."

Harpaesi mwenyewe hakuliona. Hata jua la siku ile hakuliona.

Shayiri haijavunwa, Kuhani Pamenti akaingia uani akihema.

"Mzee Harpaesi, makubwa haya! Mfalme kakimbia. Jina lifutwe."

Harpaesi alikuwa akimenya kitunguu. Kisu hakikusimama.

"Jina lipi, mheshimiwa?"

"Lipi tena! Ulilolichonga juzi!"

"Basi nipeleke ukanionyeshe. Mimi sioni."

Kuhani akamtazama yale macho meupe. Akamtazama Tatehuti, aliyekuwa ameuziba mlango kwa mwili wake. Mwishowe akavuta kigoda, akaketi.

"Ngoja tusubiri kidogo," akasema taratibu. "Huenda akarudi."

Harpaesi akakata kitunguu vipande viwili, akampa kuhani kilicho kikubwa.

"Tusubiri tu, mheshimiwa. Kusubiri ndiyo kazi yangu."