Mama alivyonifundisha kupumua kabla sijaingia Mto Tana na ubao

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa zamani na mliojiunga jana.

Ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe katika miaka ya tisini, nikiwa binti wa Kaloleni, Nairobi. Sitaongeza chumvi. Anayetaka kutishwa atafute uzi mwingine.

Siku hizi naona vijana wakijirusha majini ili wapigwe video, na wanauita ujasiri. Mimi nauita uvivu, kwa sababu wameikwepa sehemu ngumu, yaani mazoezi.

Nirudi kwenye kisa.

Nilikuwa nimemaliza shule na sina kazi. Jirani yetu Njoroge alikuwa ameajiriwa na kampuni moja iliyowapeleka wageni kwenye maji ya kasi ya Mto Tana, upande wa Sagana. Alitafuta vijana wa kufunza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unalala kifudifudi juu ya ubao wa sponji ngumu, umevaa kofia ngumu, jaketi la kuelea na mapezi ya mpira miguuni. Unazifuata mashua za wageni. Mgeni akianguka majini, wewe ndiye unayemwendea.

Wenyewe huuita mchezo huo riverboarding. Kwangu haukuwa mchezo. Ambaye angefaulu jaribio mtoni angepata kazi, nami niliitaka kazi hiyo kuliko kitu kingine chochote.

Kikwazo kilikuwa Mama.

Mdogo wake wa kiume alichukuliwa na Mto Athi uliofurika, wakiwa bado vijana huko Ukambani. Tangu hapo habari za mito zilizungumzwa kwetu kwa sauti ya chini, au hazikuzungumzwa kabisa.

Ningeweza kwenda kimya kimya. Nilikuwa mtu mzima. Lakini mtu mzima anayemficha safari zake mzazi anayeishi naye nyumba moja, utu uzima wake una kasoro. Nikamwambia.

"Mto?" akauliza.

"Mto, Mama."

"Na kuogelea ulijifunzia wapi? Kwenye karai?"

"Bwawani, kila Jumamosi."

"Bwawa halitembei, Mutheu."

Akaendelea kukata sukuma wiki. Hilo ndilo lililokuwa jibu.

Sasa, Mama alikuwa kiongozi wa kwaya ya kanisa, na kwaya ilifanyia mazoezi katika ukumbi wa mtaa. Ufunguo ulikaa kwake. Njoroge naye alikuwa ameomba kuutumia ukumbi jioni, kwaya ikishamaliza. Kwa hiyo, apende asipende, Mama alilazimika kungoja tumalize ili afunge mlango.

Sisi wanafunzi wa Njoroge tulilala kifudifudi juu ya mabenchi tukipiga miguu hewani. Vijana wa mtaa walijaa madirishani.

"Niaje Mutheu! Hicho kibao ni cha chapati ama?"

"Sista, ukifika Mombasa tusalimie watu!"

(Tana haufiki Mombasa, lakini hawakuwa wameuliza.)

Mama aliketi akitupa mgongo, ufunguo mkononi.

Somo lililonishinda lilikuwa kupumua. Kwenye maji ya kasi, wimbi likikufunika unafunga pumzi, na katika bonde kati ya wimbi na wimbi unavuta hewa. Njoroge alitufundisha kwa kutumwagia beseni za maji usoni. Kila mara nilipaliwa, na kila nilipokohoa niliyaona mabega ya Mama yakishtuka.

Jioni moja aligeuka.

"Wewe Njoroge, unammwagia mtoto wangu maji ya nini?"

"Namfundisha kupumua, Mama Mutheu."

"Huyo hapumui. Anameza."

Akainuka, akauweka ufunguo juu ya benchi, akaja kunishika mbavu.

"Shusha mabega. Hewa iingie huku chini. Usingoje ikuishie ndipo uanze kutafuta nyingine. Ni kama kwayani: wimbo ukikuachia nafasi, hata ndogo, vuta."

Kisha akamnyang'anya Njoroge beseni, akanimwagia maji yeye mwenyewe. Hakunihurumia hata kidogo.

Msidhani alikuwa amekubali. Tukienda nyumbani alisema, "Kukufundisha si kukuruhusu. Nitakuja huko nione. Nikisema hapana hukohuko mtoni, basi ni hapana."

Nikakubali sharti lake.

Siku ya jaribio alikuja na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Tulipofika ukingoni, Njoroge alimweleza waziwazi: ningeingia na ubao, na katikati ya maji ya kasi angepiga filimbi ili niuachilie.

"Kwa hiyo unamnyang'anya ubao?" Mama akauliza.

"Mto utamnyang'anya siku moja, Mama. Afadhali leo, nikiwa na kamba ya kumrushia mkononi."

Mama alisogea karibu na ile kamba.

Nikaingia. Filimbi ikalia. Nikauachilia ubao.

Jambo la kwanza ambalo mwili hutaka ni kusimama. Ni kosa kubwa: mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo hukulaza na kukuzamisha. Nikalala chali, miguu mbele, kama nilivyofunzwa.

Wimbi la kwanza lilinifunika nikatoka salama. La pili lilinikuta nimefungua kinywa. Nikatafuta hewa nikapata maji. Mabega yakapanda, hofu ikanijaa. Sikumwona malaika, wakuu. Niliona maji ya kahawia na povu.

Nikashusha mabega. Nikangoja. Bonde likaja, nikavuta kidogo. Wimbi, kisha bonde, nikavuta tena. Mwendo ukanirudia.

Nyuma ya mwamba mmoja maji yalikuwa yametulia. Nikageuka kifudifudi, nikapiga miguu kwa nguvu zote, nikaushika mwamba nikikohoa.

Mama alishuka juu ya mawe, sketi ameikunja mkononi, mpaka maji yakafika viatuni. Uso wake ulikuwa umelowa, na mawimbi yalikuwa mbali naye. Nilijua amekuja kunitoa na kunirudisha nyumbani.

Akautazama mto. Akanitazama mimi.

"Ulichelewa kwenye wimbi la pili," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Rudia."

Njoroge alikuwa tayari anaukimbilia ubao.

Nilirudia, nikafaulu, na kazi hiyo niliifanya kwa miaka kadhaa.

Nililojifunza ni hili. Hofu ya mzazi wangu haikuwa ushamba. Ilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa na jina na kaburi. Maneno matamu yasingeiondoa. Alihitaji kuona kazi aliyoweza kuikagua kwa macho yake. Kijana anayekataa mazoezi anawadharau watakaomlilia.

Sasa semeni nanyi. Uliwahi kukatazwa jambo na mzazi mwenye sababu ya kuogopa? Ulimtoroka, ulimbembeleza, au ulimwalika aje aone? Nitasoma kila jibu. Ila andikeni ukweli.