Gomesi Ndani ya Sefu

Wateja wakifika kibandani kwangu Bakoba na kukuta mwanamke, huniuliza fundi yuko wapi. Mimi huwajibu kwamba amekwenda kunyonyesha, atarudi sasa hivi. Kisha nachukua kufuli lao na kulifungua mbele yao.

Sefu moja tu ndiyo niliyoichukia: ya baba, nyumbani kwetu Nyanga. Aliinunua kwa mfanyabiashara wa kahawa aliyekuwa akifunga duka, chuma kizito cha zamani. Fedha hakuweka. Kila alipompiga mama, alifungia humo viatu vyake na nguo zake nzuri, asiweze kwenda kwao Muleba. Kwetu mke akirudi kwao, mume humfuata na pombe, akakaa mbele ya wakwe na kujibu. Baba hakutaka kumjibu mtu. Na mama hakuwa mtu wa kupita barabarani peku, amevaa matambara.

Mara ya mwisho alimvua gomesi, vazi lake refu la sherehe, kwa nguvu, akaitupia ndani, akazungusha ufunguo kwa hasira hadi ukakatikia kwenye kufuli. Ikabaki hivyo miaka.

Juzi juzi binti wa mjomba akaposwa. Harusi yetu haiendi bila shangazi, na shangazi wa binti huyo ni mama. Ndiye anayemfunda bibi harusi. Baba, pamoja na ubabe wake wote, hilo hakuweza kulizuia. Nikamwambia mama nitamnunulia gomesi mpya. Akasema, "Nataka ile."

Nikaenda na zana zangu. Grainda ya kukatia chuma haikufaa, maana cheche zingechoma nguo. Ilibidi kufuli lirudi kufanya kazi, na mimi subira sina. Nililimwagia mafuta, nikaligonga, nikalitukana. Kipande cha ufunguo kilikuwa kimeganda kwa kutu, na kila nilipokivuta kwa koleo kilinichana vidole. Kilitoka na damu yangu. Kisha nikachonga ufunguo mpya kwa tupa: nachonga, najaribu, vibao vya shaba mle ndani vinagoma, nachonga tena.

Baba akaingia na fimbo.

"Mwanamke gani anabomoa nyumba ya baba yake?"

Fimbo ya kwanza ilitua begani, ya pili sikioni. Nilisimama na nyundo mkononi. Naapa ningemuua. Alikuwa mzee, mate yanamtoka, na nilishapaona kwenye kipara chake mahali pa kupiga.

"Leka, mwana wange," mama alisema, akinishika mkono. "Mwache. Fungua."

Nikageuka, nikauzungusha ufunguo kwa nguvu zile zile nilizotaka kumpigia baba. Kufuli likaachia.

Gomesi ilitoka imekunjamana, inanuka kutu. Mgongoni ilikuwa imechanika, na damu iliyokauka ilishuka kutoka mabegani hadi kiunoni, nyeusi. Nikasema nitaifua haraka. Mama akaninyang'anya.

Baba alielewa kabla yangu. "Usivae hiyo," alisema, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake ikitetemeka. Nilifurahi, sifichi.

Muleba, wanawake walijaa chumbani na bibi harusi ameketi mkekani, ameinamisha uso. Nje wanaume walikuwa wakinywa na kucheka, baba miongoni mwao. Mashangazi wengine walitangulia kusema: mume ni kichwa, ndoa ni uvumilivu, siri za ndani zisitoke nje. Zamu ya mama ilipofika alitoa kanga aliyojitanda juu ya gomesi ile, akawageuzia mgongo. Mwanamke mmoja aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mama alisubiri hadi binti akainua uso na kuangalia vizuri.

"Haya aliyafanya mume wangu, na mimi nikavumilia," alisema. "Wewe akikupiga mara moja tu, toka. Usirudi chumbani kutafuta nguo. Njoo hata uchi, sisi tutakufunika."