Krona Moja ya Baba Mdogo

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa, watu wazima wawili waligombana sebuleni kwetu Hagsätra, Uswidi, kwa ajili ya sarafu ya krona moja. Mia tano ilikuwa tayari ndani ya bahasha. Bibi, ambaye sisi Wagujarati tulimwita Ba, alitaka iwe mia tano na moja.

"Mia tano imekwisha," alimwambia baba. "Ongeza moja, ibaki haijaisha. Hiyo ndiyo itakayomrudisha kwako."

"Hata peremende hainunui, Ba."

Walikuwa wanasema Kiswahili. Ba alizaliwa Mwanza, na akipandwa na hasira aliirudia lugha aliyozoea kubishania bei sokoni.

Bahasha ilikuwa ya mdogo wake baba, Kishor, ambaye siku hiyo alikuwa anahamia Jakobsberg na mkewe na wanawe wawili. Miaka minne tuliishi watu tisa katika vyumba vitatu. Choo kimoja, foleni kila asubuhi. Chapati za kikaango kimoja, tukizila sakafuni kwenye shuka moja. Leo naelewa kwamba baba alikuwa ameumia kuachwa. Kulisema hilo hakuweza, basi akaishikia sarafu ukaidi.

Mimi nilikuwa upande wake. Nilimjibu Ba kwa Kiswidi kwamba mia tano ni mia tano, mambo ya moja ya juu ni ushirikina wa wazee. Nikajiona nina akili.

Ba alifungua fundo la sari yake, akatoa krona, akaitazama, akairudisha. Ya kwake isingefaa. Lazima itoke mfukoni mwa anayetoa.

Mlangoni baba mdogo aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaipapasa kwa kidole gumba kama sisi sote tufanyavyo, akitafuta ugumu wa sarafu. Akapapasa tena.

"Kaka, umesahau?"

"Sijasahau."

Lifti ilipowashusha, Ba alirudi jikoni kukanda unga. Alipima wa watu tisa, kisha akarudisha kiasi kwenye kopo. "Wameachana hao," alisema. "Hawajajua tu."

Na kweli. Diwali ya kwanza, sikukuu yetu ya taa, baba alisema mdogo ndiye huja kwa mkubwa. Huko Jakobsberg, walisema aliyewafukuza ndiye aje. Safari yenyewe haifiki hata saa moja na nusu, tena ni treni tu. Kwa miaka tisa Ba alisafiri kila Jumapili ya pili, mimi nikimbebea vyombo vya chakula, na kila tukirudi baba aliuliza kama barabara zina barafu. Jina la mdogo wake hakulitaja.

Sikusomea elimu ya mambo haya. Sijui kama sarafu ina nguvu yoyote. Najua tu kwamba baba mdogo aliitafuta kwa kidole mbele ya macho yangu, na mimi nilicheka.

Ba alipofariki, siku tuliyomchoma kwa desturi yetu, ndugu hao wawili walipeana mikono kama watu wa ofisini, kisha wakasimama kila mmoja upande wake wa mlango. Watu walianza kuvaa makoti. Nikamwendea baba, nikamwekea kiganja wazi mbele ya kifua.

"Leta krona moja."

"Ya nini?"

"Ya baba mdogo. Anakudai. Ilete."